Rubani wa Kamba

Katika mtaa wetu wa Port Said, Usta Bahgat alikuwa rubani wa meli. Kwenye Mfereji wa Suez alikuwa mfunga kamba. Alijipandisha cheo kila jioni, njiani akirudi nyumbani.

Kazi yake ya kweli haikuwa na aibu yoyote. Yeye na wenzake hupandishwa melini pamoja na mashua yao, wakakaa tayari kuifunga meli ukingoni ikilazimika kusimama. Mara nyingi hailazimiki. Basi hutandaza kitambaa sitahani na kuwauzia mabaharia ngamia wa mbao.

Mkahawani mambo yaligeuka. "Leo nimeipitisha meli ya Wagiriki," alisema akivuta shisha. "Nahodha anatetemeka! Namwambia, tulia mwanangu, kulia kidogo." Hakuna aliyembishia, maana chai tuliyokuwa tukinywa ilikuwa yake.

Kisha Hatem, kijana wa Port Fuad, ng'ambo ya mfereji, akataka kumposa Nagwan, binti pekee wa Bahgat. Mama yake Hatem, Hajati Inshirah, alikuwa amewakataa wasichana wa nusu ya mji. Huyu alimkubali kabla hajamwona. Mkwe rubani hapatikani kila siku.

"Baba, waambie ukweli kabla ya kusoma Fatiha ya uchumba," Nagwan alimsihi. "Mimi nampenda."

"Niwaambie nini? Meli bila kamba inakwenda wapi?"

"Basi siku ya posa omba ruhusa, ubaki nyumbani."

"Rubani haombi ruhusa! Watanikuta ndiyo kwanza natoka kazini. Wewe hujui heshima."

Siku ilipofika, Hajati alipanda kivuko pamoja na mwanawe, sanduku la peremende mapajani. Katikati ya maji kivuko kikapunguza mwendo kupisha mashua ya wafunga kamba, iliyokuwa ikitoka kwenye meli kubwa. Ndani yake alikuwamo Bahgat, amezungukwa na ngamia ambao hawakupata mnunuzi.

Mtu mwenye akili angejifunika kitambaa. Bahgat alisimama. Aliigeukia ile meli, akanyoosha mikono na kuanza kuielekeza: kushoto, kushoto, taratibu! Meli yenyewe ilikwisha kutia nanga.

"Kaa chini, Bahgat!" akafoka Zaghlul, mwenzake. "Utatupindua! Ngamia wako ndio hao wanaanguka!"

Kivuko kizima kikaangua kicheko.

"Huyo ndiye rubani?" Hajati akauliza.

"Ndiye, mama," Hatem akajibu, macho chini.

"Basi mimi sishuki."

Na hakushuka. Kivuko chetu ni cha bure, kwa hiyo hasira yake haikumgharimu kitu. Alikaa palepale akarudi nacho kwao. Hatem alishuka peke yake na peremende zake.

Bahgat alimkuta mlangoni. Badala ya kumshukuru Mungu, akavimba. "Mposaji anakuja bila mama? Kwangu? Toka!"

"Amekuja na adabu kuliko wewe, baba," Nagwan alisema, akichukua mtandio wake. "Twende wote tukamwone mama yake. Usiponifuata, nitamweleza kazi yako mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi."

Hilo la chumvi ndilo lililomtisha. Akafuata.

Kwake Port Fuad, Hajati aliwapokea bila kusimama, amezungukwa na ndugu zake waliokuja kungoja habari za posa. "Mwanangu ameapa hatakula mpaka nimkubali binti. Binti sina ugomvi naye. Lakini Fatiha haisomwi juu ya uongo. Abu Nagwan, sema mbele ya ndugu zangu wote: unafanya kazi gani?"

Bahgat akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameuma mdomo na kuushika mtandio kwa mikono yote miwili.

"Nafunga kamba," akasema.

Nagwan akashusha pumzi.

"Za meli kubwa," akaongeza Bahgat. "Kubwa sana. Kuna siku nahodha mwenyewe ali..."

"Al-Fatiha!" Hajati akaita, na wote wakainua viganja upesi, kabla mkwe hajapanda cheo tena.