Novena za Mama

Baba yangu alikuwa katekista hapa Uvira, na kati ya watakatifu wote alimpenda zaidi yule wa Padua, Mfransisko wa zamani sana ambaye watu humwomba awatafutie walichopoteza. Baba alitusimulia maisha yake: jinsi alivyopanda meli kuja Afrika kuhubiri, tayari kuifia dini, akashikwa na homa, na wakati wa kurudi kwao dhoruba ikamtupa Italia.

Waasi walipouteka mji, misheni ilifungwa. Baba aliendelea kusalisha watu nyumbani kwetu, mtaani Rugenge. Asubuhi moja vijana wenye mikuki wakamchukua, akiwa bado na sabuni kidevuni.

Mama akaanza novena, sala ya siku tisa, kwa mtakatifu yule. Kila siku, akiisha kusali, alikwenda kwenye kambi ya waasi.

"Weye mama, iko natafuta nini?" mlinzi alimuuliza.

"Miye natafuta bwana yangu."

"Muntu yako haiko hapa. Rudia kwako."

Novena iliisha, akaanza nyingine. Jeshi la serikali lilipokaribia, watu walikimbilia milimani. Mama alikataa kutoka.

"Akirudi akute nyumba tupu?"

Jirani yetu, mama Mwislamu aliyeuza vitenge sokoni, alimshika mkono. "Dada, kama huyo mtakatifu wenu anajua kutafuta, atatuona hata huko juu. Na hawa watoto je?"

Ndipo mama akafunga mzigo.

Kule Mulenge, juu milimani, baridi ilitupenya mifupani. Tulikula viazi tulivyopewa na wafugaji, siku nyingine hatukula kitu. Mdogo wangu akaanza kukohoa. Mama akaacha kusali. Nilimsihi tuanze tena.

"Nimwombe nini?" alisema. "Yeye mwenyewe aliomba Afrika, akapewa homa."

Nikarudi kumfunika mdogo wangu.

Tuliporudi mjini, mtu aliyefungwa pamoja na baba alikuja kwetu. Akatuambia baba aliuawa hata kabla novena ya kwanza haijaisha. Alitupeleka kando ya mto, tukachimba, tukamtambua kwa mkanda wake. Mama alipiga magoti kwenye matope.

"Amepatikana," alisema, kisha akalia mpaka jirani yetu akambeba mgongoni.

Kila Juni, kwenye sikukuu ya mtakatifu yule, Wakatoliki hugawa mikate kwa maskini. Mama naye aligawa mpaka uzeeni. Siku moja nilimuuliza kama bado anamwamini.

"Namwamini," alisema, huku akikata mkate. "Ila simwombi tena."