Mwalimu Alipomuuliza Bibi Kuhusu Kamba

Kompyuta ya shule ilisema mimi ni mwizi.

Ilipaka insha yangu rangi nyekundu karibu yote, juu ikaandika asilimia themanini na moja. Maana yake insha ile ilishaandikwa na mtu mwingine kabla yangu, karibu neno kwa neno. Na huyo mtu sikuwahi kusoma hata mstari wake mmoja.

Majina nimebadilisha, kwa hiyo msihangaike kutafuta. Bibi yangu alisema nikitaka kusimulia haya nisubiri kwanza azikwe. Tumemzika masika iliyopita.

Kwetu ni Dakota Kusini, mji mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya kanisani, jirani anakuletea supu kabla jua halijazama. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa kwanza sekondari, na nilikuwa nimechaguliwa kuingia darasa la juu la Kiingereza. Shule nzima lilikuwepo moja tu. Wenzetu wa darasa la kawaida walikuwa wanajaza mapengo, Ijumaa wanatazama filamu, maisha yanaenda.

Sisi tulikuwa mikononi mwa Mwalimu Pruitt.

Yule mama hakuwa na masihara. Siku ya kwanza alitugawia karatasi ya masharti, usaini wewe na mzazi wako. Kazi ikichelewa haipokelewi, hata kama nyumba imeungua. Kitabu cha likizo unakisoma kalamu mkononi, na pambizo zote zijae maswali yako. Siku ya mjadala mnakaa duara, na asiyefungua mdomo anapewa alama za mtu aliyelala.

Halafu kubwa kuliko yote: ukidai kitu, thibitisha. Hapo ndipo alipotumaliza.

"Mhusika ana huzuni," unasema.

"Umejuaje?"

"Analia."

"Watu wanalia hata kwa vitunguu. Umejuaje?"

Ikawa utani wa shule nzima. Ukilalamika kantini kwamba pizza ya leo ni mbovu, lazima mtu akugeukie na sura ya Pruitt akuulize, "Umejuaje?"

Nilimwogopa, na nilimpenda. Nyumbani kwetu mezani tunaongea hali ya hewa na bei ya mahindi, basi. Huyu alikuwa mtu mzima wa kwanza kusoma sentensi yangu mara mbili, akanirudishia akiwa anataka kujua zaidi. Nilitaka kubaki kwenye lile darasa kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine.

Na sharti la mwisho kwenye ile karatasi lilisema hivi: ukiiba maandishi unapata sifuri, na sifuri ya insha kubwa inakutoa darasani muhula ukiisha. Ukishatoka hurudi.

Insha kubwa ya muhula ilikuwa simulizi ya kweli ya familia yako. Mimi sikuumiza kichwa. Niliandika ya Bibi Arlys, mama yake baba.

Hadithi ya bibi ilikuwa inasimuliwa kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akishaliwa na watu wamelegeza mikanda. Baba alikuwa bado mchanga kwenye kitanda chake. Ikaja tufani ya theluji. Babu Einar akafunga kamba ya kushika njiani kutoka barazani mpaka banda la ng'ombe, maana kwetu watu wameshakufa katikati ya nyumba na banda, mlango wanausogelea na hawauoni. Akaenda kukamua. Upepo ukafungua ile kamba. Bibi akasimama mlangoni akapiga sufuria kwa mwiko mpaka mkono ukavimba, babu akafuata mlio, akafika. Vidole vyake viwili viliganda, vikakatwa.

Tulikuwa tunapiga makofi. Shangazi alikuwa anafuta machozi na kusema hayo ndiyo mapenzi ya zamani.

Bibi hakuwahi kubadilisha hata neno. "Theluji ilikuwa nene mpaka mkono wangu mwenyewe nikaupoteza." Sisi wajukuu midomo ilikuwa inacheza naye pamoja. Kwa hiyo nilipoandika, niliandika kama anavyosema.

Kumbe kaka yangu Nels naye alifanya hivyo hivyo. Miaka minne nyuma, darasa lile lile, kabla Pruitt hajahamia shuleni kwetu.

Nilimpigia chuoni nikiwa nalia.

"Sasa we Karin, hiyo ya bibi nani asiyeijua?" akasema. "Niliandika kama anavyosema. Hata sikufikiri."

"Ungeniambia."

"Ningejuaje utachagua hiyo? Mimi nikajua utaandika ya mbwa."

Nels alimwandikia makamu mkuu wa shule, Bwana Lundeen, akaeleza kila kitu. Lundeen akajibu kwamba ndugu kumtetea ndugu si ushahidi. Aliyewasilisha kwanza ndiye mwenye insha, na wa pili amenakili. Ndivyo kanuni inavyosema.

Unajua kuambiwa umeiba kitu ulichokua nacho tangu utotoni? Kila nilipofungua mdomo nilionekana mwongo zaidi.

Aliyepigana ni Mwalimu Pruitt.

"Kumnukuu bibi yako si wizi," aliniambia. "Kumnukuu kaka yako ndiyo wizi. Tofauti yake tunaweza kuithibitisha. Bibi yako anaweza kuja?"

Akamshika Lundeen mpaka akakubali. Bibi aje, asimulie mbele yao bila karatasi. Maneno yake yakifanana na ya insha zote mbili, basi chanzo ni yeye na mimi niko salama.

"Yakifanana," Lundeen akasisitiza.

Nilicheka moyoni. Bibi Arlys? Angeweza kuisimulia ile hadithi usingizini.

Bibi alikuja na pikapu yake mwenyewe, amevaa koti la kanisani, mkononi ana kopo la biskuti za shayiri, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Lundeen alimvutia kiti. Wanasali kanisa moja.

"Karibu, Mama Torvik. Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani. Mtoto akisema ameonewa, si lazima mtu aje?"

Pruitt alikuwa na insha mbili mezani, yangu na ya Nels, na kalamu ya kijani. Akamwomba bibi aanze.

"Asubuhi ile ng'ombe walilia mapema," bibi akasema.

Pruitt akaweka alama kwenye insha yangu, akaweka alama kwenye ya Nels.

"Einar akasema, mbingu imeshuka mpaka kwenye uzio."

Alama, alama.

"Theluji ilikuwa nene mpaka mkono wangu mwenyewe nikaupoteza."

Pruitt akaniangalia akatabasamu kidogo. Nilitaka kuruka. Lundeen mwenyewe alianza kutikisa kichwa kukubali, ameshakula biskuti ya pili.

"Upepo ukafungua ile kamba," bibi akasema.

Na hapo mwalimu wangu, kwa mazoea tu ya kazi, kwa kuwa hawezi kukutana na sentensi akaiacha ipite, akauliza.

"Samahani, mama. Hapa hata kwenye insha nilijiuliza. Kamba ilikuwa imelowa theluji, baridi ile, fundo limeganda. Upepo ungeweza kuikata. Lakini kufungua fundo, upepo uliwezaje?"

Bibi akainua macho akamtazama.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, endelea tu. Nikachukua sufuria." Nilikuwa namkumbushia mstari kama watoto wa igizo la Krismasi.

Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Pruitt, na Pruitt alikuwa anasubiri jibu kweli.

"Haikuwa upepo," bibi akasema. "Niliifungua mimi."

Lundeen aliacha kutafuna.

"Ilinichukua muda, maana fundo lilikuwa limeganda kama unavyosema. Nililimwagia maji ya birika. Usiku uliotangulia alikuwa amenipiga nikiwa nimembeba mtoto. Sikuwa na pa kwenda. Theluji imeziba barabara, simu haipo, na mama yangu alishaniambia nikiolewa nimeolewa. Nikafungua, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa jikoni."

"Bibi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa chekechea.

"Nilikaa muda mrefu. Halafu mtoto akaamka akaanza kulia, nikawaza huyu akikua nitamwambia nini. Ndipo nikachukua sufuria."

Akakunja mikono mapajani.

"Vidole alivyokatwa Einar vilikuwa vya mkono wa kulia. Mkono ule haukukunja ngumi tena. Wa kushoto hakuwa hodari nao."

Kalamu ya Pruitt ilikuwa hewani. Hakuweka alama yoyote.

Mimi sikujua nimwangalie nani. Huyu mama ndiye aliyenifundisha kusuka nywele zangu. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kukimbia, na haya niseme ukweli, kuna kipande cha roho yangu kilikuwa bado kinahesabu zile alama za kijani na kuona zimekomea pale.

Lundeen alikohoa. Akamshukuru bibi kwa kuja, akamwomba asubiri nje kidogo. Bibi akainuka, biskuti akaziacha.

"Tulikubaliana maneno yafanane," Lundeen akasema mlango ulipofungwa.

"Yamefanana mpaka pale," Pruitt akasema. "Umesikia mwenyewe."

"Sentensi tatu. Insha zote mbili zinasema upepo. Yeye anasema si upepo."

"Kwa sababu mimi nimemuuliza. Binti hana kosa, na unajua hana."

"Najua," Lundeen akasema, na alionekana amechoka. "Sawa. Naweza kumsafisha. Lakini lazima niandike sababu, na faili linaenda wilayani, linapita kwa watu. Niandike Mama Torvik alisema nini? Baba wa huyu binti namfahamu, tunavua samaki pamoja. Mnataka nikiandike kile alichosema?"

Pruitt akageuka kuniangalia. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa swali, siku hiyo hakuwa nalo.

Dirishani nilimwona bibi amekaa kwenye benchi la watoto wanaosubiri adhabu, miguu pamoja, mkoba mapajani.

"Usiandike," nikasema.

"Una uhakika, Karin?"

"Usiandike kitu."

Sifuri ikabaki. Mwalimu Pruitt alinifuata kwenye korido, macho mekundu.

"Ningepaswa kunyamaza," akasema.

"Wewe hunyamazi, mwalimu."

"Ndiyo simulizi bora niliyowahi kusikia kazini. Na sina pa kuiandikia alama."

Nikamwambia asante. Ningesema nini kingine?

Kwenye pikapu bibi hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono miwili, madirisha yakaanza kuingia ukungu.

"Nimekuharibia," akasema.

"Hapana, Bibi."

"Nimekuharibia. Nimeliona lile jibaba Lundeen linavyokuangalia."

Nilikuwa nimejikaza, lakini likanitoka. "Kwa nini hukusema upepo tu? Siku zote unasema upepo. Ilibaki kidogo tumalize."

Alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Bibi yangu si mtu wa kujibu haraka.

"Ile hadithi nilianza kuisimulia babu yako akiwa amekaa pale pale mezani," akasema. "Kila mwaka namwangalia usoni nasema upepo, na yeye anajua, maana fundo aliliona. Alipokufa nikajua sasa mtu ataniuliza. Hata mmoja. Mmekua wote, mmesoma, mkaniambia bibi tusimulie, nikasimulia, mkapiga makofi. Yule mwalimu wako ni mtu wa kwanza kuniuliza."

Akawasha gari.

Jioni baba akauliza kikao kimeendaje. Nikamwambia tumeshindwa. Akasema pole, halafu akauliza kama barabarani kulikuwa na barafu.

Januari nikahamia darasa la kawaida. Tulijaza mapengo. Ijumaa tulitazama filamu. Mwalimu Pruitt nilikuwa napishana naye koridoni, ananigusa bega, anapita. Hakuwa na uwezo wa kunirudisha na mimi sikumwomba.

Funzo langu silo mlilolizoea. Sitawaambia ukweli utakuweka huru, maana mimi ulinitoa darasani na hakuna nilichoweza kufanya. Ninachowaambia ni kwamba kila nyumba ina hadithi yake tamu ya kila sikukuu, na kuna mtu anayeisimulia huku akisubiri mmoja wenu amkatishe. Mkatishe. Muulize ilikuwaje, halafu ufunge mdomo mpaka amalize.

Mimi bibi yangu nilimkariri neno kwa neno. Kumjua, nilianza kumjua siku ile kwenye pikapu, na tayari alikuwa mzee sana.