Sukuma ya Gikonyo Isiyoisha

Hapa Chaka watu huoneana wivu kwa sababu ya gari au ng'ombe wa maziwa. Gikonyo alimwonea Muchiri wivu kwa sababu ya udongo, tena udongo ambao haukuwa wake.

Shamba lilikuwa la Nduta, mjane anayeishi ng'ambo ya barabara. Alimkodishia Gikonyo kwa miaka miwili, mbele ya mashahidi na birika la chai. Shamba lenyewe lilikuwa limechoka na limejaa mawe. Gikonyo aliyaokota hadi mgongo ukagoma, kisha akawa anafuata mbolea ya mbuzi Nanyuki, kwa Aden, mfanyabiashara wa mifugo. Hata miezi ya mwisho, muhula ukiyoyoma, alimwaga mbolea shamba zima. Kagure, mkewe, akamuuliza kama ameongea na mwenye shamba juu ya muhula mwingine.

"Niongee nini? Si anaona kazi yenye nimefanya? Ataniita mwenyewe."

Muhula ukaisha, Nduta hakuita. Gikonyo akasikia kwenye kibanda cha chai sokoni kwamba shamba amepewa Muchiri, ambaye huketi nyuma yake kanisani. Roho ilimuuma hata akaiacha chai yake mezani.

Sasa, huku kwetu hakuna anayeng'oa mimea ya mwenzake. Muhula ukiisha unaachiwa uvune kwanza, ndipo utoke. Na upande wa chini wa shamba Gikonyo alikuwa na sukuma wiki. Mtu akivuna mahindi yanaisha, akichimba viazi vinaisha, lakini sukuma ukichuma majani leo, wiki ijayo yapo mengine. Nduta alipomwambia amalize mimea yake aondoke polepole, aliitikia kwa adabu zote. Kisha akaanza kuchuma jani hapa, jani pale, akimwagilia maji kama mtu anayelea mtoto mchanga. Alikuwa na hakika Muchiri atachoka kungoja na kutafuta shamba kwingine.

Muchiri hakungoja. Alipanda viazi, waru kama tunavyoviita huku, sehemu yote iliyobaki, akamwachia Gikonyo kijisehemu chake.

Hapo ndipo Gikonyo alipojua amejifunga kamba mwenyewe. Kila akienda kuchuma ilimbidi apite kando ya viazi vya mwenzake, na vilikuwa vimenona, majani ya kijani kizito, mashina kama vidole gumba. Ile ilikuwa mbolea yake. Siku moja aliviombea mvua ya mawe, kisha akakumbuka ingepiga na sukuma yake, akaifuta ile sala.

"Baba Anita," Muchiri akamwita asubuhi moja, ameegemea jembe, "hii shamba uliwekea nini? Waru zimekuwa hivi na hata sijaweka fertilizer mingi."

"Sikuweka kitu. Ni mvua tu."

"Basi asante, ulichunga udongo vizuri."

Afadhali angemtukana. Gikonyo alirudi nyumbani na mboga ambayo hata hakukumbuka kuichuma.

Wakati wa kuchimba viazi ulipofika, Kagure alikwenda kusaidia pamoja na wanawake wengine wa kanisa, akarudi na ndoo aliyopewa na Muchiri. Gikonyo aliapa hataonja. Alikula sahani mbili. Vilikuwa vitamu, vikavu, vinapasuka vyenyewe, na kila tonge lilimuuma kwa sababu alijua vingekuwa vyake.

Asubuhi alishuka shambani akang'oa sukuma yote, mche kwa mche, akambebea Nduta mzigo hadi mlangoni.

"Nimemaliza, Mama Mwai. Shamba ni yako."

"Umemaliza aje na bado iko na majani?"

"Nimechoka kuangalia waru za Muchiri."

Nduta akamvutia kiti. "Mimi nilikungoja. Muchiri alikuja mapema, nikamwambia atulie kwanza, nikuone wewe. Hukuja. Nikajua umepata shamba ingine nzuri, na unaona haya kuniambia."

Gikonyo hakuketi. Udongo ulikuwa bado unamdondoka mikononi.

"Na mbolea?" akauliza. "Hukuona nikimwaga mbolea, na muhula unaisha?"

"Niliona," akasema Nduta. "Nikasema, huyu mtu anaaga vizuri."