Akili Ikitoroka

Jina la Kimya alipachikwa kwa mzaha, maana fundi cherehani yule hakuwa na breki mdomoni, na hata pini alizobana kwenye midomo hazikumzuia kupiga soga. Ubudha ulimkuta kazini. Mtawa mmoja wa Kibudha, mama wa makamo aliyenyoa kipara, alikodi chumba juu ya duka la baiskeli, akamwagiza mito ya kukalia. Siku ya kuipeleka, mtawa alimwomba aujaribu mmoja, na kwa kuwa Kimya hakupenda kazi yake itiliwe shaka, akakaa. Akafumba macho. Akasikia pumzi yake ikiingia na kutoka, na kule chini fundi baiskeli akigonga rimu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema. Jumapili iliyofuata alirudi, tena amewahi kuliko mwenye chumba.

Mtawa alikuwa mgeni, Kiswahili amejifunzia kitabuni, na mafundisho yake yalikuwa mafupi: "Fuata pumzi. Akili ikitoroka, irudi." Sasa, Kimya alilelewa na mama mkali, na kwa mama huyo kumrudi mtoto kulikuwa ni kumtia adabu, tena kwa fimbo. Akaelewa hivyo hivyo. Akili ikimponyoka kwenda kwenye pindo la gauni la mteja, au kwenye sufuria aliyoiacha jikoni, aliikaripia moyoni: mjinga wewe, huna haya, kaa hapa. Haikukaa, mtoro yule. Naye akazidisha ukali.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Ukimya upatikane wapi, na watoto wako mlangoni wanagombea kiatu? Mumewe, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji, ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Kimya akijifungia chumbani kufuata pumzi, bwana aliketi kizingitini, vidole vyeusi kwa wino, akawaambia watoto wamwache mama yao, anaatamia, vifaranga vikitoka wataitwa. Kimya akitoka, taya limemkaza, bwana humuuliza leo amegombana na nani humo ndani.

Ah, siku zile! Jumapili mume alikuwa akimsubiri dukani kwa fundi baiskeli, wakarudi nyumbani kwa njia ndefu, taratibu, Kimya akimsimulia habari za ukimya bila kumpa nafasi hata ya kuitikia. Bwana wa watu alicheka mpaka akafuta macho. Nani angedhani kwamba vicheko vile vingekuja kutafutwa kama sindano iliyoanguka?

Mtawa akarudi kwao, chumba kikageuzwa stoo ya matairi. Watoto wakakua, wakaenda zao. Kisha mume akaanza kusahau. Kwanza majina, halafu siku, mwisho akasahau kwamba amestaafu. Kila asubuhi alivaa shati la kazi akatoka kwenda kiwandani, na kiwanda chenyewe kilishafungwa zamani. Kimya aliacha cherehani akamkimbilia, akamkamata mkono barabarani, akamfokea watu wakitazama: mtu mzima ovyo, mara ngapi nikuambie? Akimaliza kufoka anajichukia. Kesho yake yale yale.

Mtoto wao wa kiume alipokuja kuwasalimu alimkuta baba yake amejibanza nyuma ya pazia, kwa sababu amesikia ndala za mkewe zinakuja. Jambo hilo lilimchoma moyo.

"Mama, Mzee anakuogopa," alisema. "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua akakae kwangu."

Kimya alijua ni kweli. Lakini nyumba bila yule mtu ingekuwa nyumba gani? Alimpenda. Aliogopa kubaki peke yake na cherehani.

Siku moja alikuwa anamalizia pindo, akainua kichwa, mlango uko wazi. Akazunguka mitaa yote roho mkononi, akamkuta kwenye kigoda cha fundi baiskeli, ameshika pampu. Fundi akamtuliza: akiinuka kwenda kazini namrudisha kwenye kigoda, tunaendelea na stori. Kimya hakusikia. Alimshukia mumewe kwa maneno, na mzee akasogea nyuma ya baiskeli. Fundi, ambaye zamani naye alikuwa akipanda kule juu kwa mtawa kukaa, akamuuliza kama hayo ndiyo waliyofundishwa.

"Ndiyo hayo hayo," Kimya akamjibu kwa hasira. "Ikitoroka, irudi. Nami namrudi."

Fundi akaduwaa, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Dada yangu, mtawa alitaka kusema irudishe. Kiswahili kilimpiga chenga tu. Kumbe wewe miaka yote hii unaichapa?"

Kimya akacheka pia, na katikati ya kicheko akaangua kilio. Alimwonea huruma mumewe, na alijionea huruma mwenyewe, kwa fimbo zote alizojitandika akiwa amefumba macho.

Msidhani alibadilika papo hapo. Kesho yake alifoka tena. Lakini akaanza kujishtukia, akavuta pumzi, akatoka polepole, akatembea sambamba na mzee badala ya kumburuta. Wakifika kona alimgusa kiwiko, wakageuka. Mara nyingine kona ilikuwa mbali sana.

Mwisho wa mwezi mtoto akaja na gari. Alikuta mlango wazi, akawaona barabarani, akawafuata kwa nyuma bila kuita. Mama yake alikuwa na ndala, uzi umening'inia begani. Mzee alikuwa anamtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni.

"Mama, una subira wewe," mzee alimwambia. "Umeolewa?"

"Nimeolewa."

Mzee akatembea kidogo, anafikiri.

"Basi nenda kwake. Usimwache peke yake kwa ajili yangu."

"Ndiko ninakokwenda," Kimya akasema, na mzee akampa mkono amshike, wakageuka kuelekea nyumbani. Mtoto wao akasogea pembeni, akawapisha.