Kengele ya Mzee Angetile

Tusajigwe ana miaka kumi na minne ya ndoa pale Ndandalo, na bado hajaonana uso kwa uso na baba mkwe wake, Mzee Angetile, ingawa nyumba zao zinatenganishwa na migomba tu. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana hakutani na mkwewe. Akisikia anakuja, anampisha. Ndiyo maana mzee alifunga kengele kubwa kwenye baiskeli yake, ambayo mpaka leo haina breki.

Siku hiyo Tusajigwe alikuwa anatoka shamba na ndizi kichwani, ameongozana na Lotte, Mholanzi aliyekuja kujifunza kuanika kakao. Kengele ikalia konani. Tusajigwe akachupa migombani na ndizi zake. Lotte, akidhani ni nyoka, akachupa nyuma yake.

“Ni baba mkwe,” Tusajigwe akanong'ona.

“Mmegombana?”

“Mtu mwema kama yule, nigombane naye kwa lipi?”

Mara kukasikika kishindo. Lotte akachungulia. Baiskeli ilikuwa imelala njiani, gurudumu linazunguka, mzee hayupo.

“Ameanguka. Twende tukamwinue.”

“Hajaanguka. Amejitupa kwenye kakao upande wa pili. Na yeye ananipisha.”

Tusajigwe akajifunika kanga usoni, akapita mbio, akaacha kichane cha ndizi kando ya baiskeli. Walipofika mbele kidogo, kwenye kakao kikasikika kikohozi kirefu.

“Umesikia?” akamwambia mgeni. “Ameshukuru. Na mbavu ni nzima.”