Anapokea simu za vita, anaisubiri sauti ya dada yake

Saa mbili kasoro asubuhi, taa ya simu inawaka. Mwanamke aliyekaa mbele yake anasogeza kikombe cha chai pembeni, anavaa vipokea sauti na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeamka zamani: "Simu ya amani, habari za asubuhi. Niambie, umeona au umesikia?"

Upande wa pili kuna mwanamume mwenye haraka. Anasema kuna vita. Wapi? Nyumbani kwake. Kati ya nani na nani? Kati ya mke wake na mama yake.

"Pole baba, vita hivyo hata sisi vimetushinda," anamjibu, na chumba kizima kinaangua kicheko. Hata hivyo hamkatii simu. Anamsikiliza mpaka anamaliza, anamtakia siku njema, ndipo anapokea anayefuata.

Wenzake wanamwita Masikio. Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kila fundi wa chini anapojaribu injini, vioo vya madirisha vinatetemeka. Ndani kuna meza nne, feni moja inayolalamika, na ukutani kioo kikubwa cha kompyuta chenye ramani ya bonde na mto unaolikata katikati.

Kila kijiji ni kitone. Kitone cha kijani maana yake pametulia. Cha njano kuna uvumi ambao haujathibitishwa. Chekundu, watu wako hatarini.

Wakazi wa kingo zote mbili hupiga simu au kutuma ujumbe bila malipo. Kompyuta hukusanya taarifa hizo na kuzilinganisha na za miaka iliyopita: wapi mifugo imeibwa, kisima gani kimekauka, picha gani inazunguka kwenye simu za watu. Ikiona dalili zinarundikana mahali pamoja, hupiga kengele. Hapo kazi inarudi mikononi mwa binadamu. Masikio hupiga simu kwa kamati za usuluhishi za kila upande, watu wa kawaida kabisa, mchinja nyama, mkunga, mwendesha pikipiki, wamfikie mwenye hasira kabla hajamfikia mwenzake.

"Watu hawapigani kwa sababu ya walichokiona," anasema. "Wengi hupigana kwa walichoambiwa. Ndiyo maana swali langu la kwanza ni lile lile kila siku."

Analijua hilo kwa machungu. Alizaliwa kando ya mto huo, upande wa juani kama wanavyouita wenyewe, mtoto wa pili kati ya wasichana wawili. Mama yao alifariki yeye akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Aliyemwosha, aliyemsuka na kumpeleka shule ni dada yake.

"Alikuwa ananikalisha katikati ya magoti yake, anasema, 'Sasa nisikilize vizuri, sitarudia.' Halafu anarudia mara kumi," anakumbuka, akicheka peke yake.

Dada huyo aliolewa ng'ambo. Wakati ule ng'ambo palikuwa mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kisha ukaja uvumi kwamba watu wa ng'ambo wametia sumu kisimani. Hakuna aliyekunywa akafa, hakuna aliyeiona sumu hiyo, lakini kabla ya jua kuzama soko lilikuwa linaungua. Daraja likavunjwa. Masikio na baba yake wakakimbilia mjini na nguo walizovaa. Simu ya dada ikawa haipatikani, na haijapatikana tena tangu hapo.

"Baba hakumkataza mtu kumtaja dada," anasema. "Ila kila akitajwa, alikuwa anatoka nje. Unamkuta amesimama ukutani, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka."

Baba yao alifariki mvua za mwaka jana. Walitafuta mtu wa kumpelekea dada habari ng'ambo, hakupatikana, na wanakamati hawaruhusiwi kutumwa mambo binafsi.

"Kwa anavyojua dada yangu, yeye bado ana baba," anasema Masikio, kisha anainuka kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi.

Kazi hii aliipata kupitia tangazo lililobandikwa kwenye kituo cha afya. Mshahara, anasema, unalipa kodi ya vyumba viwili na ada ya binti yake, na haubakizi kitu. Amekaa kwa sababu nyingine. Kwenye ile ramani kuna kitone kimoja ng'ambo, kidogo, karibu na mahali mto unapopinda. Ni kijiji alikoolewa dada. Kila akifika kazini hukitazama hicho kabla ya vingine vyote. Kikiwa kijani, anapumua.

Kisha kikaja kiangazi kilichopita.

Ilikuwa katikati ya asubuhi, siku ambayo simu zilikuwa chache. Taa ikawaka, akapokea, akauliza swali lake. Upande wa pili mtu akakohoa kidogo, kama anayesafisha koo.

"Sasa nisikilize vizuri," ikasema sauti ya mwanamke. "Sitarudia."

Masikio anasema aliitambua papo hapo sauti ya dada yake. Alitaka kuita, jina likamjaa mdomoni. Lakini yule mwanamke alikuwa ameshaanza, na aliyokuwa akisema hayakuwa ya kukatizwa. Vijana walikuwa wanakusanyika kwenye mashine ya kusaga. Walikuwa na mapanga. Simu zao zilikuwa na picha ya ng'ombe waliokufa kando ya birika la kijiji la kunyweshea mifugo, wakisema waliotia sumu ni watu wa upande wa juani. Walipanga kuvuka jioni, mahali maji ya mto yalipokuwa haba kwa kiangazi.

"Hao ng'ombe umewaona au umesikia?" akauliza Masikio. Anasema hajui sauti hiyo aliitoa wapi.

"Nimeona picha. Ng'ombe sijawaona. Vijana nimewaona kwa macho yangu, na mwanangu yumo."

Kanuni za kazi ni kali. Mpokeaji hatakiwi kujitambulisha wala kumtaja mpigaji kwa jina, maana wakati wowote mtu anaweza kuwa amesimama nyuma ya mpigaji, anasikiliza. Mama mmoja aliwahi kupigwa na majirani baada ya kugundulika kuwa ndiye aliyetoa taarifa. Masikio akazishika kanuni. Aliuliza njia watakayopita, idadi ya vijana, nani wanamheshimu.

"Wanamheshimu mchinja nyama," ikajibu sauti. Kisha: "Umekula lakini?"

"Nimekula," akajibu Masikio, ambaye alikuwa hajatia kitu kinywani.

Simu ikakatika.

Ni hilo swali linalomsumbua mpaka leo. "Labda alinijua. Labda ndivyo anavyomuuliza kila mtu, maana ndivyo alivyo. Sijui."

Siku ile hakupata nafasi ya kulia. Kitone kilishageuka chekundu. Fundi wa mitambo, kijana mwenye miwani wanayemwita Waya, akaitafuta asili ya ile picha na kuikuta: ilipigwa nchi nyingine, wakati wa ukame wa miaka mingi nyuma. Daktari wa mifugo wa ng'ambo akapelekwa kwenye birika kwa pikipiki, akalikuta lina maji na ng'ombe wazima wanakunywa. Akapiga picha, akaituma. Masikio akampigia mchinja nyama wa ng'ambo.

Mchinja nyama alikwenda kwenye mashine ya kusaga akiwa bado na aproni yake. Anavyosimulia mwenyewe kwa simu, hakuhubiri. "Niliwaonyesha picha zote mbili. Nikawauliza, hawa wanaokunywa ni mizimu? Mmoja akacheka. Akishacheka mmoja, kazi imekwisha nusu."

Mambo hayakuisha salama kabisa. Wachache walivuka wakachoma kibanda cha muuza vocha, na mwenyewe hajakisimamisha tena. Ila hakuna aliyekufa, upande wowote.

Jioni hiyo Masikio alimfuata Waya. Mfumo huficha namba za wapigaji. Ni yeye peke yake anayeweza kuzifungua, na kwa dharura tu.

"Nilimwambia ukweli. Nikamwambia ni dada yangu, amenilea, hajui kama baba amefariki," anasimulia.

Waya anakumbuka alivyoshindwa kumtazama usoni. "Nilimwambia, dada, nikikufungulia wewe leo, kesho nitamkatalia nani? Kuna watu wangetoa chochote wazijue hizo namba. Baadaye akasema, 'Uko sawa,' akakaa chini pale pale kwenye kiti cha wageni. Nikakaa naye."

Hata sauti yenyewe haipo. Mazungumzo yakishaandikwa, rekodi hufutwa. Yamebaki maandishi: vijana, mapanga, mashine ya kusaga. Swali la "umekula" halikuandikwa. Kwenye fomu halina kisanduku chake.

Tangu hapo ameishi na tamaa mbili zinazovutana. Anatamani mno dada apige tena. Na anajua kwamba watu hupiga simu hiyo mambo yanapoharibika.

"Kila siku naomba kile kitone kibaki kijani," anasema. "Halafu jioni navua vipokea sauti, nimeumia kwamba kimebaki kijani. Nani atanielewa?"

Msimamizi wake alimwelewa. Ni mwanamke mtu mzima, mchache wa maneno. Mwezi uliopita aliwaita wote, akawaeleza kwamba daraja jipya la chuma limekamilika na ofisi itakwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza, kijiji kwa kijiji, kuwaeleza watu huduma hii inavyofanya kazi. Atakayezungumza ni Masikio.

Ratiba imeshabandikwa mlangoni. Kijiji cha pale mto unapopinda kimo. Ameazima nguo ya heshima kwa shangazi yake, na nyumbani binti yake humchekesha kwa kumwigiza anavyofanya mazoezi ya kuhutubia mbele ya kabati.

Kinachomnyima raha ni habari za baba. "Nikimwona, nimwambie hapo hapo? Au nimwache kwanza afurahi kidogo? Hapo sijapata jibu."

Na kama hatamwona? Kama atakuwa amehama, au shambani, au amesimama nyuma ya watu akiogopa kusogea? Masikio amelifikiria hilo pia.

"Sitamtaja jina," anasema. "Kanuni ni kanuni, na sitaki mtu amnyooshee kidole. Nitasimama kwenye kipaza sauti, niwape watu namba ya kupiga, taratibu, tarakimu moja moja. Nitairudia mara kumi. Akiwa popote pale kijijini, ataisikia sauti yangu."