Nguo ya kulala ya mtoto iliyokataliwa sokoni

Leo mama muuza nguo hapa Garissa amekataa kuniuzia.

Nilikuwa nimemchagulia mtoto nguo ya kulala kama za kwetu Nyandarua kwenye baridi. Nzito, ina kofia na kamba ya shingoni.

Akaninyang'anya.

"Hii mtoto ataiva ndani. Na hii kamba itakaba yeye."

Akachukua fulana nyepesi ya pamba, akaipitisha shavuni mwake kwanza, ndipo akanipa. Joto hili, kumbe alikuwa sawa.

Halafu akamfunua mtoto kifuani kwangu. "Iko na siku ngapi?"

Kumi na tisa.

"Na wewe uko soko? Arobaini bado. Nani iko nyumbani na wewe?"

Kwao hapa Garissa mzazi hatoki kabla ya siku arobaini, na nyumba hujaa wanawake.

Nikamwambia mume wangu yuko kazini mbali, Banissa. Nikamwambia mama ni mgonjwa. Nikaendelea kueleza tu, na swali lilikuwa moja.

Akavuta stuli. "Kaa, dada."

Nimekaa mpaka adhuhuri.

Sasa tuko nyumbani. Mtoto amelala na fulana yake, hatoki jasho.

Nyinyi mliozalia mbali na kwenu, mchana mlikuwa mnaongea na nani?